Vikao sita kwa mshauri nasaha, Barabara ya Ngong

Kituo hiki, ambacho sikitaji jina kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yake, kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Nimehudhuria vikao sita vya dakika hamsini, kila kimoja kwa shilingi 2,500, na ninawaandikia wanaodhani kwamba mambo ya korona yalikwisha zamani.

Kwangu hayakwisha. Nilikuwa mhudumu wa hoteli wakati kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na zamu ya jioni niliyoitegemea ikafutwa papo hapo. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini hadi mwaka jana bado nilikuwa nikigutuka saa tisa usiku kupiga hesabu ya kodi ya nyumba ambayo nilishailipa.

Mshauri aliyenipokea hakuanza na habari za utotoni, bali aliniuliza niliishi na nani wakati wa kafyu na tulikula nini, nami nikadhani anapiga soga tu. Baadaye alinieleza kwamba, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake, kwa sababu ya upweke, hofu, kukosa kipato na misiba isiyoombolezwa ipasavyo. Hapo nikamkumbuka mjomba wangu, tuliyemzika asubuhi moja kwa haraka, bila matanga, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kuna karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na kadiri jumla inavyokuwa kubwa ndivyo hali ilivyo mbaya zaidi. Ilikuwa na neno sonona, ambalo wengi wetu hapa Nairobi hatulitumii nyumbani. Sisi husema fulani ana mawazo. Mshauri aliligundua hilo usoni mwangu, akaiweka karatasi kando na kuniuliza kila swali kwa maneno yetu ya kawaida. Siku ya kwanza nilipata alama 16, na kikao cha sita nilipata 7.

Wengi wakisikia habari za akili huwaza hospitali ya Mathari tu, wakaogopa. (Hospitali hiyo, kabla ya kuwa ya wagonjwa wa akili mwaka 1910, ilikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, kumbe magonjwa ya mlipuko na ya akili ni majirani wa siku nyingi.) Kituo hiki kidogo hakimtii mtu hofu hiyo.

Ubaya wake ni kuta za mbao nyembamba: nilimsikia mama wa chumba cha pili akitaja jina la mumewe, na mapokezi wakaongeza sauti ya redio badala ya kutafuta dawa ya ukuta. Kibaya zaidi, hufungwa saa kumi na moja jioni na hakifunguliwi Jumamosi, ilhali wanaolipwa kwa siku, ambao korona iliwapiga zaidi, hawawezi kuacha kibarua Jumanne saa nne asubuhi. Nilipouliza kuhusu Jumamosi, niliambiwa nipige simu mwezi ujao. Kwa sasa mwenzangu kazini hunishikia zamu ya Jumatano, nami humlipa kwa kufanya ya kwake Jumapili.