Siku 15 kwa Lori la Watalii, Nairobi hadi Arusha: Huduma Nzuri, Bei ya Mgeni

Katika geti la Ndabaka, upande wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, dereva wetu alirudi kutoka dirisha la malipo akiwa ameshika ankara yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa abiria 18, kila mmoja dola 70 kwa saa 24 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Mstari wa pili ulikuwa wa mtu mmoja, raia wa Afrika Mashariki, shilingi 11,800 kodi ikiwa ndani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Miezi minne kabla ya hapo, nikiwa Morogoro, nilikuwa nimeilipa kampuni bei ileile waliyolipa wale 18, na katika maelezo ya bei hiyo iliandikwa kwamba viingilio vyote vya hifadhi vimo. Nimeanza na ankara hiyo kwa sababu huduma niliyoipata njiani ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na nisingependa sifa nitakazozitoa hapa chini zimfanye Mtanzania au Mkenya mwingine alipe bila kuuliza swali ambalo mimi nilichelewa kuliuliza.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku 15 mwezi Septemba 2025. Tulitoka Nairobi, tukapitia Nakuru, tukavuka Malaba kuingia Uganda, tukalala Jinja, Kampala na kando ya Ziwa Bunyonyi, tukaingia Kigali, kisha tukarudi nyumbani Tanzania kupitia Rusumo na kuifuata barabara ya Kanda ya Ziwa hadi Serengeti, Ngorongoro na Arusha. Jina la kampuni sitalitaja. Ni mojawapo ya kampuni nyingi zinazouza safari za aina hii kwa vijana wa Ulaya na Australia, na kwa jinsi nilivyozungumza na watu wa malori mengine kambini, ninaamini kasoro nilizokutana nazo si zake peke yake.

Lori ni lori kweli, chasisi ya kubebea mizigo iliyojengewa bodi ya abiria, yenye madirisha mapana, viti 24, makabati ya kufunga kwa kufuli na tangi la maji chini ya sakafu. Mahema, meza, viti vya kukunja, mitungi ya gesi na masufuria hukaa katika masanduku ya ubavuni ambayo hufunguliwa kutoka nje. Abiria hugawanywa katika makundi ya watu wanne wanne yanayopokezana zamu za kumsaidia mpishi, kuosha vyombo, kufagia lori na kupakia mizigo. Mtu aliyezoea kulipa hotelini na kuhudumiwa atashangaa, lakini utaratibu huo ndio unaoifanya bei ishuke, na ulisimamiwa kwa haki. Vyombo huoshwa katika mabeseni matatu, la sabuni, la maji yenye dawa na la kusuuzia, na havifutwi kwa kitambaa. Kila mtu hushika sahani mbili na kuzipunga hewani mpaka zikauke. Siku ya kwanza niliona ni mchezo wa watoto. Baada ya siku 15 bila hata mmoja wetu kuharisha, niliacha kucheka.

Hema nililopewa lilikuwa zito, la turubai nene, imara kwa mvua, na kulisimamisha kulichukua dakika kumi baada ya kulizoea. Tatizo lilikuwa zipu. Usiku wa pili, Jinja, iliachia katikati, na mbu wa Mto Nile hawahitaji mwaliko. Mpishi wetu, kijana wa Kisumu, aliponiona navuta kwa nguvu aliniambia, “Dada, ukiivuta kwa hasira itakuachia meno yake mkononi.” Akaleta kipande cha mshumaa, akaisugua zipu juu na chini pande zote mbili, akakibana kidogo kile kishikizo kwa koleo, ikateleza kama mpya hadi Arusha. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeibeba safari, ingawa katika matangazo ya kampuni picha yake haimo. Chakula chake nacho kilikuwa cha kuridhisha: mayai na uji asubuhi, mkate na kachumbari mchana, na jioni wali, ugali au viazi pamoja na nyama au maharage. Siku ya kutoka Kampala hakupika kabisa, maana tuliposimama Lukaya wachuuzi waliovaa makoti yao ya kazi walilizunguka lori na mishikaki ya nyama na ndizi za kuchoma, na hakuna aliyekuwa na njaa tena mpaka jioni.

Mipakani ndipo tofauti yangu na wenzangu ilipoanza kuonekana. Wengi wao walikuwa na viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, ambayo hutolewa kwa dola 100, hudumu siku 90 na hutumika Kenya, Uganda na Rwanda pekee, hivyo Tanzania iliwabidi kulipia tena. Mimi niligongewa muhuri bila malipo kila mahali, na kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano ilitazamwa mara mbili tu. Malaba ina kituo cha pamoja, unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja, lakini faida hiyo haiusaidii msururu wa malori ya mizigo barabarani, na ratiba ya kampuni iliyotuahidi kufika Jinja alasiri ilitufikisha saa mbili usiku. Ratiba hiyo imeandikwa na mtu anayejua kilomita na asiyejua foleni.

Kuhusu gorila wa msitu wa Bwindi, Uganda, ninamsihi msomaji asome aya hii taratibu. Ziara hiyo haimo katika bei ya safari. Ni ya hiari, na kampuni ilitutajia sote dola 800 za kibali, mbali na usafiri. Hicho ndicho kiwango cha mgeni kutoka nje ya Afrika. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, yaani takribani sehemu ya kumi. Nilipomuuliza mwongozaji, alinijibu kwa upole kwamba yeye hupokea orodha tu kutoka ofisini. Siku ya mapumziko Kampala nilipanda bodaboda hadi makao makuu ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda pale Kamwokya, nikaonyesha pasipoti, na kwa kuwa mtu mmoja alikuwa ameahirisha, nikapata nafasi ya siku tuliyoihitaji. Septemba ni msimu wa watu wengi, kwa hiyo asiyebahatika atarudi mikono mitupu. Aliye makini aombe kibali miezi kadhaa mapema. Kundi lilikuwa la watu wanane, ndio ukomo, na muda wa kukaa na gorila ni saa moja baada ya kuwafikia. Tulipanda na kuteremka kwenye matope kwa karibu saa tatu. Dume mwenye mgongo wa fedha alikuwa amekaa akichuna magome ya mti, bila kutujali, huku mtoto mmoja akianguka kutoka tawini mara mbili na kupanda tena kama vile hakuna aliyemwona. Saa hiyo moja sina lawama nayo.

Ziwa Bunyonyi lilikuwa kambi bora kuliko zote: nyasi zilizokatwa, maji ya moto, na ukungu unaopanda juu ya visiwa asubuhi. Rwanda, kwa upande wake, ilitupatia somo dogo la uhandisi. Mlango wa abiria wa lori letu uko kushoto, unakokuwa ukingo wa barabara Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda huendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango huo hufungukia katikati ya barabara, na kila kituo dereva alilazimika kutafuta uwanja au kituo cha mafuta ili tusishukie mbele ya magari. Alifanya hivyo kila mara, hata ilipotugharimu robo saa. Alikuwa mzee wa Kitale, mtu wa maneno machache, ambaye katika siku zote 15 sikumwona akishika simu usukanini.

Kigali tulipewa saa moja na nusu katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Muda huo hautoshi, na hapa sitalainisha maneno. Mtu humaliza chumba cha kwanza, anasoma majina, anafika penye picha za watoto, na mara anaitwa kwamba lori linaondoka kuelekea kwenye soko la vinyago. Kama ratiba ilihitaji kupunguzwa mahali, soko lingesubiri.

Rusumo tulivuka daraja juu ya maporomoko ya Mto Kagera, tukasogeza saa zetu mbele kwa saa moja, na kuanza kipande kigumu kuliko vyote. Sehemu ya barabara ya kuelekea Lusahunga ilikuwa na mashimo na vumbi lililopenya hadi ndani ya mifuko ya kulalia. Afueni ilikuja siku iliyofuata, tulipofika Busisi. Kwa miaka mingi niliyokwenda Geita kwa shemeji yangu, hapo palikuwa mahali pa kusubiri kivuko na kula samaki wa kukaanga kwa kukosa la kufanya. Safari hii tulipita juu ya daraja la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025 na kuingia upande wa Kigongo kabla mazungumzo hayajaisha. Wenzangu walipiga picha za ziwa. Mimi nilipiga picha ya daraja.

Serengeti haina haja ya kusifiwa nami, ila tangazo la kampuni linahitaji kurekebishwa. Picha yake ya mbele inaonyesha nyumbu wakivuka mto, na maneno yaliyo chini yake yanaahidi “uhamaji mkuu”. Mwezi Septemba makundi makubwa huwa kaskazini, karibu na Mto Mara, ilhali sisi tuliingia kwa Ndabaka, tukalala Seronera, katikati ya hifadhi, usiku mbili na kutokea geti la Naabi. Nyumbu tuliowaona walikuwa wachache. Tuliona simba, chui mmoja, viboko na tembo, na mtu mwenye akili timamu hawezi kulalamika kwa hayo. Lakini kijana mmoja kutoka Kanada aliyekuja kwa ajili ya picha ile alikaa kimya siku nzima, na nilimwelewa. Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Usiku wa kwanza fisi alizunguka mahema akinusa, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na abiria waliopuuza onyo la kutoacha viatu nje walikuta asubuhi kandambili moja imeliwa kamba.

Malori makubwa hayashuki ndani ya Kreta ya Ngorongoro, kwa hiyo tulihamishiwa kwenye Land Cruiser, gharama ambayo ilikuwa ndani ya bei na ikatekelezwa kama ilivyoahidiwa. Usiku tulilala Kambi ya Simba, juu ya ukingo, kwenye baridi ambayo mifuko ya kulalia ya kukodi kwa kampuni haikuimudu hata kidogo. Mwenye safari kama hii abebe sweta mbili na soksi nzito, asidanganywe na neno Afrika katika tangazo.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye ankara yoyote. Nikiwa mwenyeji pekee miongoni mwa abiria, niligeuka mkalimani: bei za sokoni, malalamiko kwa mlinzi wa kambi, maswali kwa wauguzi wa zahanati pale msichana mmoja alipopata homa karibu na Kahama. Sikukataa, kwani ni watu wema, na wengine bado tunaandikiana. Hata hivyo mwongozaji alikuwa amelipwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi alikuwa amelala kiti cha mbele.

Kwa dereva na mpishi natoa alama zote. Kwa lori, mahema na chakula natoa nne kati ya tano, moja nikiikata kwa zipu na mifuko ya kulalia. Kwa ratiba natoa mbili. Kwa uwazi wa bei natoa sifuri, kwa maana kampuni ilijua tangu mwanzo uraia wangu, ilinilipia viingilio kwa kiwango cha Mwafrika Mashariki na ikabaki na tofauti.

Niliporudi Morogoro niliandika barua, nikaambatanisha picha ya ankara ya Ndabaka na hesabu ya viingilio vya hifadhi zote. Jibu la kwanza lilisema kwamba bei ni moja kwa wateja wote. Niliwauliza kama wangependa nianze kuwaeleza wateja wengine jinsi bei hiyo moja inavyopatikana. Jibu la pili lilikuja siku iliyofuata, na wiki tano baadaye ziliingia dola 180 kati ya 230 nilizodai, zikiwa pungufu ya makato ya benki, ambayo hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kuyabeba.