Upinde mrefu wa kuchongwa kwa mkono: mtamu kuuvuta, lakini fundi wake sitaki kumsikia

“Kwani kabla ya kununua kwangu ulishawahi kushika upinde?”

Ndivyo alivyonijibu fundi nilipompigia simu kumweleza kwamba upinde wake umepasuka mgongoni nikiwa nimeuvuta hadi shavuni, na kibanzi kimenichana juu kidogo ya jicho. Hakuniuliza kama nimeumia. Hakuuliza umepasukia wapi. Alinikaripia mimi, mteja niliyelipa kabla mti haujaguswa, nikasubiri miezi na miezi bila kumsumbua. Wiki kadhaa zimepita, na bado nikilikumbuka swali lile mwili wote unanichemka.

Habari za urefu na uzito mtazipata kwake, anazitangaza vizuri sana. Mimi nazungumzia mahali pamoja tu, pale ulipopasukia, shibiri mbili hivi juu ya mshiko.

Upinde huu ulikuwa wa mti mmoja mzima, usio na tabaka za kugandishwa. Tumboni fundi aliandika kwa wino: ratili 50 kwa mvuto wa inchi 28, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta hadi hapo. Mishale yangu ina alama kwenye inchi 28, na siku ile alama ilikuwa bado mbele ya kidole. Kwa hiyo aliponiambia “umevuta kupita kiasi” alikuwa anasema jambo asilolijua. Nilipomtajia alama akahamia kwenye jua, eti niliuacha kwenye gari lenye joto. Nilipokana hilo pia, akamalizia: “Mti ni mti, ndugu yangu. Mti hauna mkataba na mtu.”

Mti hauna mkataba, sawa. Fundi je?

Mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama windo, ndio unaonyooshwa unapovuta. Tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Mgongo hustahimili kunyooshwa kwa sababu nyuzi za mti zimepita nzima kutoka ncha hadi ncha, na ndiyo sababu katika miti yenye pete nene za ukuaji, zile tabaka ambazo mti huongeza kila mwaka, fundi hufuata pete moja tu mgongo mzima, akikwangua polepole. Kisu kikizama hadi pete ya chini yake, nyuzi za pale zimekatwa, na hapo ndipo kibanzi huinuka. Kifundo cha mti hakimtii aibu fundi yeyote. Anakizunguka, anakiachia mti zaidi pande zote, mgongo unabaki na kinundu kidogo na kazi inaendelea.

Wangu ulikuwa na kifundo, na fundi alikisawazisha kikawa laini kabisa, akakata pete tatu. Nimeziona kwa macho yangu. Kisha juu yake akabandika ngozi nyembamba ya nyoka, akaniambia ni pambo, hadiya yake kwangu. Nilimshukuru kwa moyo wote! Upinde ulipopasuka ngozi ilichanika, na chini yake pete zile zilikuwa zimekatwa wazi, zimepakwa vanishi nyeusi.

Huyu ndiye anayejisifu kwamba anafuata mtindo wa kale wa Waingereza. Basi angezitazama zile pinde zaidi ya 130 zilizopatikana nzima katika Mary Rose, meli ya kivita ya Waingereza iliyozama mwaka 1545. Mti mweupe wa nje umeachwa mgongoni, kiini kimekaa tumboni, kila upande umepewa kazi unayoiweza. Watu wale waliufuata mti ulivyoota.

Msinione nakuza mambo kwa mkwaruzo wa usoni. Upinde wa kuwindia unakwenda kukutana na uhai. Siku ulipopasuka nilikuwa mawindoni, mnyama yuko karibu, mita 20 hata hazifiki, amenipa ubavu. Kwa upinde wa namna hii unategemea kigumba chenye makali na mshale mzito kiasi ili kipite mapafuni, afe upesi. Mshale wangu ulidondoka miguuni pangu, naye akakimbia mzima. Je, upinde ungelegea nikiwa naachia? Mshale ungemfikia na nguvu nusu, ukaishia tumboni, na mnyama angekwenda kufa polepole vichakani nisikomuona. Nilimwambia fundi jambo hilo. Akanyamaza kidogo, nikadhani limemgusa. Kumbe alikuwa anaongea na mtu mwingine pembeni.

Sasa niseme ukweli unaoniuma zaidi: sijawahi kuvuta kitu kitamu namna ile. Uzito ulipanda taratibu toka mwanzo hadi mwisho, haukugoma inchi za mwisho kama pinde fupi nyingi zinavyofanya. Mshale ukitoka, husikii kitu zaidi ya mvumo mdogo wa ugwe. Mkono haukushtuka. Mikono yote miwili ya upinde, yaani nusu ya juu na nusu ya chini ya mshiko, ilipinda duara moja zuri, wa chini ukiwa mgumu kidogo kuliko wa juu, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeshika mshale katikati ya vidole. Kusawazisha mikono hivyo ni kazi ya kukwangua, kuvuta, kutazama, kukwangua tena. Nilipoandika sentensi hizi nilikuwa tayari kumsamehe.

Halafu nikawaza: mtu mwenye mkono wa namna hiyo hawezi kukata pete tatu bila kujua. Alijua. Ndiyo maana akaleta ngozi.

Kwa hiyo wewe unayetaka upinde wa mkono wa kuwindia, usikubali mgongo uliofunikwa kabla hujauona ukiwa mtupu. Ugeuze kwenye mwanga, fuata pete kwa kidole kutoka ncha hadi ncha, simama kwenye kila kifundo. Pitisha pamba juu yake. Ikinasa mahali, kibanzi kimeanza kuinuka. Tumboni tafuta vijistari vya kukunjamana vinavyokata mti kwa upana, hapo umeanza kushindwa kubanwa. Mwambie fundi auvute yeye na wewe utazame kwa mbali kama kuna mahali panapokunjika peke yake. Ngozi si kosa, mafundi waaminifu wengi huibandika. Ila muulize kwa nini ameiweka, na umtazame usoni anapojibu.

Nilikusudia kumnyima nyota zote. Nikampa tatu kwa ajili ya ule mvuto, nikarudi nikaacha moja, na hiyo moja ni ya upinde.

Juzijuzi kaniletea ujumbe kwamba nikilipia mti tu, atanichongea mwingine bila gharama ya kazi. Pole hakuniandikia. Nimemjibu kwamba nitafika mwenyewe siku anayomaliza mgongo, kabla ya vanishi na kabla ya ngozi, nikiukuta umefuata pete moja nitalipa hapohapo. Ameusoma. Hajajibu.