Optacon Mjini Tanga: Kusoma Maandishi ya Wino kwa Kidole

Optacon, mashine ya kumwezesha asiyeona kusoma maandishi ya wino kwa kidole, iliacha kutengenezwa mwaka 1996, kwa hiyo tathmini hii haimwelekezi msomaji kwenye duka lolote. Hata hivyo zimebaki chache zinazopita kutoka mkono hadi mkono, nami nimepata kuitumia moja kwa hisani ya mwalimu mstaafu wa Ngamiani, aliyeletewa zamani na wafadhili. Kwa asiyeona mwenzangu aliyelelewa na nukta nundu, nasema wazi: kwa usomaji wa kila siku simu inayosoma maandishi kwa sauti imeishinda, lakini kwa kuujua ukurasa wenyewe ulivyo, simu haijaifikia.

Aliyeibuni ni John Linvill, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, kwa ajili ya binti yake Candy aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mdogo, na ilianza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1970. Mkono wa kulia unaisukuma kamera ndogo yenye magurudumu juu ya mstari, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinatulia kwenye kijishimo chenye pini 144, zilizopangwa safu 24 kwa 6. Palipo na wino, pini hutetemeka. Palipo na karatasi tupu, hutulia. Mashine haikutajii herufi: inakupa umbo lake, na kazi ya kuitambua ni yako.

Hapo ndipo penye utamu na penye taabu. Herufi "o" hupita chini ya kidole ikiwa duara lililofunga, "c" ikaacha mlango upande wa kulia, na "e" ikaja na ufito katikati ambao mwanzoni nilikuwa siuhisi kabisa. Kamera ikienda mshazari kidogo, mstari mzima hupanda au kuzama. Kwenye risiti ya LUKU, yenye tarakimu 20 ambazo hata moja ikikosewa umeme hauingii, 3 na 8 zilinilazimu kurudi nyuma tena na tena, ingawa mapengo kati ya mafungu ya nne nne yalikuwa dhahiri kuliko nilivyowahi kuyasikia kwenye sauti ya simu.

Kilichonifurahisha zaidi ni fotokopi ya barua ya serikali ya mtaa. Simu iliisoma ikaruka sehemu ya chini; kidole kilikuta upinde wa muhuri umekatiza juu ya sahihi, na sahihi yenyewe ni mkwaruzo mrefu usio na herufi hata moja inayosomeka (kumbe wanaoona nao hawaisomi). Kanga ilinishinda, kwa kuwa herufi za jina lake ni kubwa kuliko dirisha la kamera hata ukipunguza ukuzaji hadi mwisho, na kitambaa hujikunja chini ya magurudumu.

Mwendo wake ni wa kobe. Maneno 40 kwa dakika ni kasi ya kuheshimika kwa mtu aliyekwisha kuzoea, na mafunzo ya awali yalihesabiwa kwa makumi ya saa. Kidole hufa ganzi, na mvumo wa pini huwachosha walio karibu. Chaja niliyopewa ni ya volti 110, hivyo usithubutu kuichomeka hapa nchini bila transfoma, na betri ya zamani haikai na chaji.

Ukiletewa iliyotumika, usikubali kabla ya kuijaribu. Weka kamera juu ya sehemu iliyojaa wino mweusi mtupu, au geuza swichi ya maandishi meupe juu ya weusi ukiwa kwenye karatasi tupu, kisha upapase kijishimo polepole kutoka juu hadi chini. Pini zote zinapaswa kutetemeka. Moja mbili zilizokufa pembeni zinavumilika. Safu nzima ikiwa kimya katikati, herufi zitakujia zimekatika, na vipuri havitengenezwi tena.