"Mama, baza ni baza": uzoefu wangu na vifaa vya sauti vya Arduino

Nilikuwa nimeazimia kuandika maoni haya kwa sifa tupu, kwa sababu bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuamuru vifaa vya umeme) niliyoinunulia klabu ya sayansi ya shule yetu mwaka juzi haijaniangusha hata siku moja. Lakini kila ninapoketi kuandika, jibu alilonipa muuzaji mmoja wa Kariakoo linanirudia, nami nashindwa kuanza na jambo jingine lolote. Alisema: "Mama, baza ni baza." Baza ni kile kifaa kidogo cha umeme kinachotoa mlio.

Shuleni kwetu, Morogoro, kengele ni rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo. Wanafunzi wa klabu walitaka kutengeneza kengele yao, itakayotoa wimbo mfupi badala ya kishindo, na aliyelibeba wazo hilo zaidi ya wote alikuwa binti mmoja wa kidato cha tatu anayeimba kwaya na kusoma nota za solfa bila kusitasita. Nilimweleza kwamba bodi haijui do wala re, inajua idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Akaanza na la ya 440 Hz, akajifunza kwamba kila nusu-toni hupatikana kwa kuzidisha au kugawanya kwa kipeuo cha 12 cha 2, yaani takribani 1.0595, kisha akaikokotoa ngazi nzima kwa penseli: so ikawa 392, mi 330, do 262. Wimbo wa kengele aliutunga mwenyewe kutokana na nota hizo tatu.

Siku ya Jumamosi nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kununua baza. Dukani nilimsalimia muuzaji vizuri, nikamweleza kwamba nahitaji ile isiyo na mlio wake ndani, inayosubiri bodi iitikise kwa masafa inayoyataka, wala si ile inayolia yenyewe mara tu ikiguswa na umeme. Kwa macho zinafanana mno, nami nilijua hivyo, ndiyo maana nikamwomba aiguse kwenye betri mbele yangu. Akanijibu kwamba pale ni dukani, si maabara. Nilipomwomba tena, ndipo aliponiambia, bila kuinua macho kwenye simu yake, kwamba baza ni baza, na kwamba kama sijui ninachonunua nisiwacheleweshe wateja wengine. Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nililipa nikaondoka, na hadi leo sijui kwa nini nililipa.

Tulipoiunganisha shuleni na kupakia programu, ilitoa mlio uleule mmoja wa juu, unaokwaruza. So ilikwaruza, mi ikakwaruza kwa namna nyingine kidogo, do ikakatikakatika kama injini isiyotaka kuwaka, na wimbo haukusikika kabisa. Mimi niliikagua programu, nikabadilisha pini, yaani tundu la bodi la kuchomekea waya, nikabadilisha nyaya. Binti yule hakugusa waya wowote. Alichukua daftari lake, akakaa pembeni, akaanza kurudia hesabu zake.

Alizirudia kwa siku kadhaa. Aliniletea so ya 392 ikiwa imegeuka 415, ambayo ni nusu-toni nzima juu yake, kwa sababu alidhani labda alihesabu vibaya idadi ya hatua. Siku iliyofuata akaniletea ngazi nyingine kabisa, iliyogawanywa kwa 7 badala ya 12, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madamu, nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Hesabu zake za kwanza zilikuwa sahihi hadi Hz ya mwisho, naye alikuwa akizifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mtu mzima mmoja aliona uvivu kuweka kifaa kwenye betri kwa sekunde moja. Fedha niliyolipa haifiki hata nauli ya basi, wala siidai. Ninachodai ni zile siku za mtoto.

Ukweli niliugundua nilipochomoa waya kwenye pini ya programu na kuuchomeka moja kwa moja kwenye volti 5. Baza ikalia mfululizo, kwa nguvu, bila kuamriwa na programu yoyote. Ingekuwa ile niliyoomba, ingetoa "tik" moja ndogo tu na kunyamaza. Tafadhali, yeyote anayenunua baza kwa ajili ya muziki aende na betri yake mkononi na aiguse pale pale kaunta, hata akichekwa.

Baza sahihi niliipata kwa fundi redio wa mtaani kwetu, aliyeitoa kwenye mashine mbovu na kukataa malipo. Programu haikubadilishwa hata herufi moja. Zilisikika so, mi, do, safi kabisa, na darasa zima likanyamaza kabla ya kupiga makofi. Sitadai kwamba sauti yake ni tamu kama ya zeze. Pini ya bodi hujua kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo mlio wake ni mkavu na una ukali wa nyenje, na haiwezi kutoa nota mbili kwa wakati mmoja, jambo lililomsikitisha binti wa kwaya aliyezoea sauti nne. Mjue pia kwamba wakati nota inapigwa, pini ya 3 na ya 11 za Uno hazipunguzi mwanga wa taa inavyotakiwa, kwa kuwa zinatumia saa ya ndani ileile inayotumiwa na sauti. Taa yetu iliyokuwa pini ya 3 tuliihamishia ya 9.

Baadaye wanafunzi walitaka kengele itangaze kwa sauti ya mtu. Kumbukumbu ya programu ya bodi hii ni kilobaiti 32, na sauti ya kiwango cha simu hula takribani baiti 8,000 kila sekunde, kwa hiyo hata ikiachwa tupu ingejaa kwa sekunde nne. Tulihitaji moduli ndogo ya kuchezea mp3 kutoka kwenye memori kadi. Niliitafuta maduka matatu, na iliyopatikana siku ile ilikuwa kwenye duka lilelile. Niliinunua kwa kijana msaidizi bila kusema neno.

Mwanzoni nilitaka kuwaonya watu wote wasiiguse. Ilivuma kama nyuki ndani ya mtungi, na ilipoagizwa kucheza faili la pili ilicheza la tano. Nilikuwa tayari kuweka lawama hizo pia kwenye mlango wa duka lile, lakini nitakuwa muongo nikifanya hivyo. Mvumo huo ulitoweka tulipoweka rezista (kipingamizi cha umeme) ya kilo-omu 1 kwenye waya unaopeleka amri kutoka bodi hadi moduli. Faili nazo zilikuwa zikifuata mpangilio wa kunakiliwa, wala si majina, kwa hiyo tulifuta kadi yote na kunakili upya moja baada ya jingine. Tangu hapo inafanya kazi kila asubuhi, na sauti inayotangaza vipindi ni ya binti yule.

Kwa sababu hiyo nilikusudia kuandika kwamba duka lile lina bidhaa nzuri na linafaa kusamehewa. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta mara mbili. Moduli ni nzuri, inunueni, lakini inunueni kwingine. Daftari la binti yule ninalo hapa mezani, nimeliazima ili ninakili namba ukutani mwa maabara. Pale alipoandika 392 kwa mara ya kwanza karatasi imetoboka kwa kufutwa.