TV ya kutundika kama picha: tazama waya kabla ya kioo

Siku hizi ujumbe mwingi unaonifikia kuhusu sebule unatoka kwa watu walionunua TV ya picha, ile ambayo ukimaliza kutazama taarifa ya habari haigeuki kioo cheusi bali inabaki na mchoro ukutani, kisha wakaichukia. Hawalalamikii rangi wala sauti. Msomaji mmoja wa Sakina, hapa Arusha, alinitumia picha ya ukuta wake: mandhari ya mlima, fremu ya rangi ya mbao, kimo kizuri, halafu chini ya fremu waya mweusi unashuka hadi kwenye ekstensheni sakafuni, na king'amuzi kimekalishwa juu ya stuli. Akauliza kwa nini yake haifanani na ya kwenye tangazo. Waya, dada. Ni huo waya.

Kwa hiyo leo sihesabu inchi, na mambo ya 4K na HDR nawaachia wauzaji wa Barabara ya Sokoine, maana hayo wanayaimba hata usipowauliza. Mimi nataka tuigeuze TV tuangalie mgongoni.

Matangazo mengi ya TV hizi yamepigwa kwenye nyumba ambazo kuta zake ni mbao na ubao wa jasi, ndani kuna uwazi. Fundi wa huko anatoboa matundu mawili, anapitisha waya, anakunja ngazi yake. Sisi Arusha na Moshi tumejenga kwa tofali na bloku. Kuficha waya kwetu ni grainda, mfereji kwenye plasta, bomba la plastiki ndani ya mfereji, plasta mpya, kisha rangi ambayo haitafanana na ya zamani mpaka upake ukuta mzima. Vumbi lake utalikuta hadi kwenye mito ya makochi. Gharama hiyo haimo kwenye bei unayotajiwa dukani, na sijawahi kukutana na muuzaji aliyeniuliza ukuta wangu ni wa nini.

Wengine hudhani wamepata dawa: weka soketi nyuma ya TV, mambo yaishe. Hayaishi. TV hizi zimetengenezwa zilale juu ya ukuta bila upenyo, na plagi yetu ya pini tatu tuliyorithi kwa Mwingereza imejitokeza sentimita kadhaa. Ongeza TV guard, ambayo kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka siwezi kumshauri mtu aiache, na dude hilo ni nene kuliko TV yenyewe. Picha yako itakaa imebenuka, na ukiitazama kutoka mlangoni utaona kivuli chake kabla ya mchoro. Soketi ya kukaa nyuma ya TV ya namna hii lazima izamishwe ndani ya ukuta, kwenye boksi lenye kina, na kazi hiyo hufanyika kabla ya plasta. Kama ndiyo kwanza unanyanyua kuta Njiro au Ngaramtoni, mpigie fundi umeme kabla hujamaliza kusoma.

Na king'amuzi. Rimoti nyingi za ving'amuzi hutumia mwanga wa infraredi, na mwanga huo haupenyi mlango wa mbao. Ukikifungia kabatini utakuwa unafungua mlango kila ukibadili chaneli, na mwisho wake utauacha mlango wazi daima. Kabati la mlango wa kioo au wa matundu linasaidia. Vipo pia vijicho vya infraredi vyenye waya mwembamba, unabandika pembeni ya kabati na ishara inafika ndani.

Haya, sasa nazipanga.

Ya kwanza kwangu ni Samsung The Frame, ile ya kawaida. Naipendelea na sifichi. Samsung waliitoa mwaka 2017, wakishirikiana na mbunifu Yves Béhar, na wengine wote wamekuja nyuma yao. Sababu yangu kubwa ni kisanduku cha One Connect: HDMI (waya wa picha na sauti), USB na umeme vyote vinaingia kwenye kisanduku kilicho kando, na kutoka hapo unapanda waya mmoja mwembamba mpaka kwenye TV. Urefu wa kawaida ni mita 5, na kuna wa mita 15 unaouzwa peke yake. King'amuzi, TV guard, ekstensheni, rundo lote la sebuleni linahamia kabatini. Hata kama huna uwezo wa kukata ukuta, waya huo mmoja unafichika ndani ya mfuniko mwembamba wa plastiki uliopakwa rangi ya ukuta, na mgeni hatauona. Mkanye fundi asiukunje kwa pembe kali, kwa sababu ndani yake picha inasafiri kwa mwanga, na ukivunjika hautengenezwi kwa selotepu.

Usinunue kwa jina la Frame peke yake. Dai ufunguliwe boksi, ukione kisanduku na waya wake kwa macho yako, kwa sababu si kila toleo lina mpangilio huo. Toleo la kwanza la 2017 lilikuwa na waya wa umeme kando, na ni kuanzia 2018 ndipo umeme na picha vilipounganishwa kwenye waya mmoja. Kioo kisichong'aa nacho kilikuja 2022. Mnaonunua mtumba uliotoka Dubai au Ulaya, mwaka wa toleo ndio swali lenu la kwanza. Frame ya kabla ya 2022 kwenye sebule yenye dirisha kubwa linalotazama Meru itakuonyesha dirisha, pazia na wewe mwenyewe umeshika kikombe, mchoro hutauona.

Kuna The Frame Pro ya 2025, ghali zaidi, ambayo kisanduku chake kinazungumza na TV bila waya. Watu wakisikia "bila waya" wanafungua pochi. TV yenyewe bado inahitaji umeme, kwa hiyo waya wa umeme unatoka mgongoni mwake na kwenda kwenye soketi kama kawaida. Umelipa zaidi ili waya uondoke, na waya mnene upo. Kwa nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, ile ya kawaida inaishinda.

Inayonikera ni ada. Duka lao la michoro, Art Store, linatoza kila mwezi ukitaka mkusanyiko wote. Usilipe. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliruhusu tangu 2017 picha za kazi zake nyingi zisizo na hakimiliki zipakuliwe na kutumiwa bure, na Rijksmuseum la Amsterdam nalo lina hazina kama hiyo. Pakua, punguza iwe pikseli 3840 kwa 2160, itume kutoka kwenye simu. Ukitaka ya nyumbani, mpe mchoraji wa Soko la Wamasai hela yake akuruhusu upige picha kazi yake mchana, kivulini. Ila jua kwamba mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwaka 1968 ulizaliwa kwenye vipande vya ubao vya mraba, na TV ni ndefu kwa upana. Ukiivuta ijae kioo, utamkata twiga kichwa. Chagua mpangilio wenye pambizo, mraba ukae katikati, na hapo hata mimi huwa nasogea kuhakikisha kama ni rangi ya mafuta.

Ya pili ni Hisense CanvasTV, iliyotoka 2024. Kioo haking'ai, fremu moja imo ndani ya boksi pamoja na breketi ya kulaza ukutani, na picha zake hazina ada. Kwa ukarimu wanawashinda Samsung. Lakini umeme na HDMI vinaingia moja kwa moja kwenye TV, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu plagi, TV guard na king'amuzi yanakuangukia. Kama ukuta bado haujapigwa plasta, ichukue bila kuniuliza tena. Kama umeshahamia, piga hesabu ya fundi kwanza, halafu ulinganishe upya. TCL wana NXTFRAME yao, fikra ni hizo hizo, na kipimo ni hicho hicho cha waya.

Ya tatu ni LG OLED za daraja la G, zile ambazo kila nukta ya kioo hujiwashia mwanga wake. Weusi wake hauna mpinzani kwa filamu, na inalala ukutani vizuri. Ila kioo kinang'aa, fremu hakuna, na OLED haipendi picha moja isiyosogea kwa saa nyingi, inaweza kuacha alama ya kudumu. Sasa mchoro wa ukutani ni kitu gani kama si picha isiyosogea?

Wa bajeti ndogo: TV ya kawaida, picha kutoka kwenye flashi, fremu ya mninga kutoka kwa seremala. Mwambie aache tundu la jicho la rimoti na upenyo wa joto kutoka. Usiku itang'aa mno kwa sababu nyingi za namna hiyo hazina kipima mwanga cha kuzipunguzia mwangaza, basi uizime.

Sasa wauzaji. Ile fremu ya mbao unayoiona dukani kwenye Samsung huwa inauzwa peke yake, ndani ya boksi TV ina ukingo mweusi tu. Dukani imevishwa, bei imeandikwa ya uchi. Ukiuliza unaambiwa, "Mama, fremu ni oda, wiki mbili kutoka Dar." Kwa nini hukuniambia kabla sijalipa? Na nyie wa Instagram mnaobandika TV ya mamilioni bila bei, "njoo inbox," tukija mnatutajia bei kwa kutazama picha zetu za wasifu. Marekani Frame ya inchi 55 iliuzwa miaka kadhaa kwa takriban dola 1,500. Tuongeze usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida yako halali, tunajua kuhesabu, kinachobaki juu ya hapo tuelezee ni cha nini.

Wapo pia wanaoleta za Marekani zenyewe kwa bei ya kutamanisha. Soma kibandiko cha mgongoni. Nyingi za Samsung za soko lile zimeandikwa 110-120V, na soketi yako inatoa 230. Muuzaji mmoja mjini aliponionyesha kibandiko hicho alisema hakina neno, niongeze tu transfoma. Transfoma! Nami nimetumia nusu ya makala haya kutafuta pa kuficha plagi.