Victory Field, Indianapolis: kata tiketi upande wa besi ya tatu

Akina mama wenzangu wa hapa Indianapolis, Wakongo kwa Watanzania, huniuliza kila msimu ukikaribia: ule uwanja wa besiboli wa katikati ya mji unafaa kupeleka watoto, au ni kupoteza hela? Unafaa. Nimekwenda tangu 2015, mara nyingi kiasi cha kusema hivyo bila kusita. Lakini ukae wapi na utazame nini, hapo ndipo penye maneno.

Uwanja ulifunguliwa 1996, ila timu yenyewe, Indianapolis Indians, ipo tangu 1902. Si ya Ligi Kuu. Ni Triple-A, ngazi moja chini, na tangu 2005 inalea wachezaji wa Pittsburgh Pirates, timu ya Ligi Kuu. Wewe uliyezoea soka la kwetu usije ukafikiri timu itapanda daraja ikishinda. Haipandi kamwe. Anapanda mtu mmoja mmoja: simu inapigwa, anafunga begi, anaondoka. Huko juu akikwama, anarudishwa.

Wenye watoto wadogo wengi hukaa kwenye nyasi, kule nyuma ya uzio wa mbali. Unatandika khanga, watoto wanabiringika, uwanja wote unauona. Raha tupu, na kwa mtoto wa chini ya miaka saba sina ushauri mwingine. Sisi tulianzia huko. Kofia na maji usisahau, jua la Julai la Indiana halina huruma.

Kijana wangu alipofika miaka kumi nikahamia viti vya chini upande wa besi ya tatu (besi ni vile vituo vinne anavyokimbilia mpigaji akizunguka uwanja), na sijarudi tena kwenye nyasi. Pale unakuwa karibu na shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, na mimi nakwenda kwa ajili yake. Nilikulia Tanga nikicheza rede. Aliyecheza rede anajua kwamba kukwepa mpira ni kazi ya miguu kabla ya kuwa ya macho. Shotistopu ni hivyo hivyo, ila yeye haukwepi, anaukimbilia.

Msimu wa 2016 nafasi hiyo ilikuwa ya Gift Ngoepe. Mzaliwa wa Polokwane, Afrika Kusini, akakulia Randburg, kwenye chumba ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi. Mlango wa nyumba ukifunguliwa, uwanja huo hapo. Pirates walimsajili 2008, akaanza 2009 kwenye ngazi za chini, na mama yake akafariki 2013 kabla ya kumwona akifika juu. Mimi nami nimelelea mtoto sehemu za kazi, kwa hiyo habari hiyo iliniingia.

Siku moja ya msimu huo tulifika mapema, na hilo nalisisitiza: njoo mapema, wakati wachezaji wanapasha misuli moto. Kocha alikuwa anawapigia mipira ya chini. Si mrefu, Ngoepe. Kabla ya kila mpira alikuwa anaukwangua udongo mbele yake kwa ncha ya kiatu, anaondoa kijiwe, anasawazisha, kama mtu anayefagia uwanja asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kisha anainama. Mpira ukija hasubiri umfikie, anaingia hatua mbili, glavu chini kabisa karibu na nyasi, na kabla hujasikia ule mlio wa ngozi, mpira tayari uko mkono wa kulia unaelekea besi ya kwanza. Glavu yenyewe ni ndogo. Mwanangu ndiye aliyenieleza: "Mama, ikiwa kubwa mpira unapotea humo ndani." Hana muda wa kuutafuta. Mpigaji anahitaji sekunde 4 na kidogo tu kukimbia zile mita 27 hadi besi ya kwanza, na ndani ya hizo mpira uwe umegongwa, umedakwa na umerushwa.

Kwa kudaka, sijaona bora yake pale. Kwa kupiga, alikuwa anahangaika. Mara nyingi alikuwa anarudi benchi bila kuugusa mpira, na watu waliokaa nyuma yetu walikuwa wameshamkatia tamaa.

Tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa Pittsburgh. Akaingia mchezo ukiendelea, dhidi ya Chicago Cubs, na zamu yake ya kwanza akaupiga mpira wa mrushaji wao, Jon Lester, ukapita katikati, akafika besi ya kwanza. Mtu wa kwanza mzaliwa wa bara la Afrika kucheza Ligi Kuu ya besiboli. Nilikuwa jikoni kazini, zamu ya usiku. Mwanangu akanipigia simu hawezi hata kuongea. Tulikuwa na tiketi za mwezi uliofuata kwa ajili yake, na hapo ndipo nilipoielewa hasara pekee ya Triple-A: unayemfuata anaweza kuwa ameondoka. Sikulalamika. Ni hasara unayoiombea.

Lakini alicheza michezo 28 tu mwaka ule, kwa wastani wa .222, yaani kila zamu 9 anapata mpigo 2 wa kumfikisha besi, akarudishwa Indianapolis. Toronto, timu nyingine ya Ligi Kuu, wakamchukua, 2018 akapata mpigo mmoja katika zamu 18. Baada ya hapo hakurudi Ligi Kuu.

Naleta hesabu hizi kwa sababu kijana wangu sasa anacheza besi ya pili shuleni na ana ndoto hiyo hiyo, na wapo wazazi wengine wanaonisoma wenye watoto wa aina hiyo. Glavu ilimfikisha Ngoepe Triple-A. Kupiga ndiko kulikomzuia kubaki juu. Mshahara nao uujue: kwa mkataba wa wachezaji wa 2023, wa Triple-A alilipwa mwaka huo si chini ya dola 35,800, wakati kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka huo kilikuwa dola 720,000. Pengo hilo linavukwa kwa simu moja, na kwa simu moja linarudi.

Lipo na la kutia moyo. Tangu 2023 Ligi Kuu inadai walinzi wawili wa ndani, yaani wale wa karibu na besi, wabaki kila upande wa besi ya pili. Zamani makocha walikuwa wanawapanga watatu upande mmoja, na hata mzito wa miguu alikuwa anajificha humo. Sasa kila mmoja ana eneo lake la kukimbilia, na mwenye miguu kama ya Ngoepe ana thamani zaidi kuliko alivyokuwa nayo yeye. Naamini angezaliwa miaka minane baadaye wangemvumilia zaidi.

Mengine kwa haraka. Saa ya kumhimiza mrushaji imefupisha michezo; zamani ilikuwa saa tatu nzima na watoto wanalala, siku hizi mara nyingi saa mbili na nusu na ushei. Timu mgeni hukaa Jumanne hadi Jumapili, kwa hiyo ukimpenda mchezaji wao unaweza kurudi kesho yake ukamwona tena. Jumatatu kwa kawaida hawachezi. Kuegesha gari: kiwanja kimoja cha watu binafsi maeneo yale kiliniambia bei moja nikakatwa nyingine, tangu hapo tunaegesha mbali tunatembea.

Jumamosi tunakwenda tena, mstari wa tatu kutoka chini. Mwanangu ameniomba tufike kabla ya milango kufunguliwa. Anataka kuona huyu shotistopu mpya anaanza na mguu gani.