Dikteta mzuri ama kura na kelele zake?

Barazani huku Majengo kahawa ikimiminwa tu lazima mtu aseme ati nchi hii yetu Kenya yataka dikteta mzuri, kisha ataje Singapore. Sawa, Lee Kuan Yew alikuwa waziri mkuu 1959 mpaka 1990 na bandari yao imeiacha Kilindini yetu ya Mombasa mbali sana, hilo sikatai, mtu mmoja akiamua mambo huenda mbio manake hakuna wa kumbishia. Lakini huyohuyo akikosea je? Idi Amin 1972 alifukuza Waasia Uganda, uchumi ukaporomoka, nani angemwambia la? Na sisi si tulionja jamani, 1982 Kenya ikawa chama kimoja kisheria, 1988 watu wakapigishwa kura ya mlolongo, yaani kupanga foleni nyuma ya mgombea wako, na kuna mahali mwenye foleni ndefu akaambiwa kashindwa!

Demokrasia nayo ina vituko vyake, pesa za kampeni, kesi haziishi, barabara yangoja mpaka uchaguzi ukaribie. Ila 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani wakati huo, hakupenda, alinung'unika sana, lakini akarudi kwa debe. Mimi hapo tu ndo nachagua kura.